INI LENYE MAFUTA: DAWA ZA MITI NA KAZI YA MWILI



Kila mwenye shamba la mikarafuu aijua habari ya mti ufao ghafla. Majani yangali mabichi, matawi yamesimama, na mwenyewe hupita chini yake bila ya kushuku neno. Kumbe mizizi imekwisha kuoza. Siku majani yanapoanza kunyauka, hapana tena la kufanya. Katika mwili wa binadamu kipo kiungo kinachofanana na mizizi hiyo kwa ukimya wake. Kiungo hicho ni ini.

Katika toleo hili twataka kueleza ugonjwa mmoja wa ini unaotajwa sana siku hizi, nao ni ini kujaa mafuta. Twaueleza kwa sababu mbili. Kwanza, ni ugonjwa wa watu wengi: katika kila watu wazima 100 duniani, yapata 30 wanao. Pili, mtu akisha kuambiwa kuwa ini lake lina mafuta, neno la kwanza atakalolisikia kwa jirani ni jina la dawa ya miti, na la pili ni bei yake. Yafaa mwanachama ajue lipi la kushika na lipi la kuacha kabla hajatoa fedha yake.

Mfano wetu tutauchukua Kyela, katika Mkoa wa Mbeya, penye ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa. Tumechagua Kyela kwa kuwa watu wake ni wakulima wa miti kama sisi: kwetu mikarafuu, kwao mikakao. Wilaya hiyo ndiyo itoayo sehemu kubwa ya kakao ya Tanzania. Tena chakula chao si kigeni kwetu, maana mchele wa Kyela wenye harufu nzuri unajulikana na kupendwa nchi nzima. Mambo ya mkulima wa Kyela, basi, hayako mbali na mambo yetu.

KAZI YA INI, NA MAFUTA YANAVYOINGIA

Ini liko upande wa kulia, chini ya mbavu. La mtu mzima lina uzito wa yapata kilo 1 na nusu. Ni ghala na ni kiwanda pamoja. Chakula kikisha kusagwa, damu hukipeleka kwenye ini kabla hakijaenea mwilini. Hapo ini huweka akiba ya sukari, hutengeneza nyongo, huondoa sumu, na hutengeneza vitu vinavyoifanya damu igande mtu anapojikata.

Lakini kila ghala lina kiasi chake. Akiba ya sukari ikisha kujaa, ini huigeuza sukari inayozidi kuwa mafuta. Mafuta mengine hutiririka kutoka katika unene wa tumbo yakaja kulala hapo hapo. Mafuta yakizidi sehemu 5 katika 100 za ini, madaktari husema kuwa ini lina mafuta. Kwa watu wengi jambo hukaa hivyo miaka mingi. Kwa wengine ini huanza kuvimba kwa ndani, kisha hufanya makovu, na makovu yakienea ini hukakamaa na kushindwa kazi yake. Saratani nayo yaweza kuingia. Katika safari yote hiyo mgonjwa aghalabu hasikii maumivu yoyote, mpaka mambo yawe yamekwisha kuharibika.

Pombe yaweza kuleta mafuta katika ini, na anayekunywa na aache. Lakini wengi wenye ugonjwa huu hawajapata kuonja pombe maisha yao. Kwao sababu kubwa ni kiuno kunenepa, kisukari, wanga na sukari nyingi katika chakula, na kukaa pasipo kazi ya mwili. Mwaka 2023 vyama vya madaktari wa ini duniani viliubadilisha jina ugonjwa huu, vikauhusisha na namna mwili unavyotumia chakula, na sababu moja ya kufanya hivyo ilikuwa kuwaondolea wagonjwa aibu. Kwa hiyo si haki kumtazama kwa jicho baya mzee wa msikitini au mama wa kanisani aliyeambiwa kuwa ini lake si zima.

KYELA YA JANA NA YA LEO

Bonde la Kyela ni tambarare. Mito ya Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo hushuka kutoka milimani ikileta maji na udongo mzuri, na mara nyingine mafuriko. Mpunga hulimwa mabondeni. Mikakao husimama kivulini pamoja na migomba. Michikichi hutoa mafuta ya mawese. Ziwa latoa mbasa, na usipa, yaani dagaa wa Nyasa. Kule Matema, chini ya Milima ya Livingstone, huuzwa vyungu vinavyofinyangwa na wanawake wa Kikisi wa Ikombe.

Kwa maisha ya zamani, chakula hicho hakikuwa na neno. Mtu aliyeshinda nyuma ya jembe la ng'ombe, au aliyepalilia mpunga kwa mikono ameinama tangu asubuhi, aliila sahani yake ya wali na ndizi akaimaliza tena shambani. Misuli ndiyo iliyoila ile sukari; ini halikupata kitu cha kuweka. Kwenda gulioni Ipinda kulikuwa ni kwa miguu au kwa baiskeli.

Leo pikipiki humchukua mtu mlangoni ikamshusha mlangoni. Mashine hukoboa mpunga. Fedha ya kakao ikiingia, soda huja mezani, na chipsi, na maandazi ya asubuhi. Sahani ya wali haikupungua. Kazi ndiyo iliyopungua. Msomaji wa Wete au Mkoani akibadilisha kakao kwa karafuu, ataona kuwa twasema habari zake mwenyewe.

Mafuta ya kupikia nayo yana sehemu yake. Mwaka 2014 wataalamu wa Uppsala, nchini Uswidi, walitangaza jaribio la vijana 39 wasio wanene. Kila mmoja alikula keki ndogo kila siku juu ya chakula chake kwa majuma 7. Wengine walipewa keki za mafuta ya mchikichi, wengine za mafuta ya alizeti. Makundi yote mawili yaliongezeka uzito sawasawa, yapata kilo 1 na nusu kila mtu. Lakini mafuta ya ini yaliongezeka zaidi sana kwa wale wa mchikichi. Hatusemi michikichi ikatwe. Twasema mawese, na tui letu la nazi kadhalika, yapimwe kwa kijiko, yasimiminwe.

Na soda tuitaje. Chupa ya mililita 350 huwa na sukari yapata vijiko 9 vya chai. Hakuna mtu awezaye kutia vijiko 9 katika kikombe chake akakinywa bila ya kuona haya. Lakini chupani hatuvioni.

DAWA ZA MITI: ZILIZOPIMWA NA ZISIZOPIMWA

Hatudharau dawa za miti. Nchi yetu ina Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 kwa upande wa Bara, na pale Muhimbili dawa hizo zimekuwa zikichunguzwa tangu mwaka 1974. Wazee wa Unyakyusa wana majani yao, na sisi tuna yetu. Tuzitazame basi zile zinazotajwa zaidi kwa ajili ya ini.

Manjano. Majaribio kadhaa yameonyesha vipimo vya ini katika damu vikishuka, na mengine yameonyesha mafuta yakipungua kidogo. Lakini majaribio hayo yalikuwa madogo na ya muda mfupi.

Habasoda. Imejaribiwa kwa watu wachache, na majibu hayakulingana.

Silimarini. Hutokana na mbegu za mmea wa miiba wa nchi za kusini mwa Ulaya, nayo huuzwa kwa vidonge. Yaweza kushusha vipimo vya damu, lakini haijathibitika kuwa huondoa makovu ya ini.

Vitamini E. Hii imepimwa vizuri zaidi. Katika jaribio la Marekani lililotangazwa mwaka 2010, lenye wagonjwa 247 wasio na kisukari, ini lilipata nafuu kwa watu 43 katika kila 100 walioipata vitamini hiyo, na kwa 19 katika kila 100 waliopewa kidonge kitupu. Hata hivyo, mwaka uliofuata jaribio jingine lilionyesha kuwa wanaume wanaoimeza kila siku kwa miaka mingi huongezewa hatari ya saratani ya tezi dume. Basi ni dawa ya daktari, si ya kujinunulia.

Kahawa. Wanaokunywa kahawa kila siku huonekana kuwa na makovu machache ya ini kuliko wasiokunywa. Watu wa Kyela wana bahati ya kuwa jirani na Rungwe na Mbozi zinakolimwa kahawa. Lakini ni kahawa isiyo na sukari. Ukitia vijiko vitatu umelipa kwa mkono mmoja na kunyang'anya kwa mwingine.

Sasa tuseme upande wa pili, maana huo hausemwi na muuzaji. Kila kinachomezwa hupita katika ini. Kitu cha mti kikiwa kidogo ndani ya mchuzi ni kiungo. Kikikamuliwa, kikakaushwa na kushindiliwa ndani ya kidonge, chaweza kuwa sumu kwa ini lile lile linalotafutiwa dawa. Mwaka 2022 madaktari wa Marekani waliandika habari za watu 10 walioumia ini kwa vidonge vya manjano: 5 walilazwa hospitali, na 1 alifariki. Vidonge vya chai ya kijani navyo vimeumiza maini ya watu. Manjano ya kwenye pilau na chai ya kwenye kikombe hazikuhusika.

Na mmea wetu wenyewe je? Karafuu chache ndani ya chai au pilau hazina madhara. Lakini mafuta ya karafuu ni jambo jingine. Mwaka 1993 madaktari wa Uingereza waliandika habari za mtoto wa miaka 2 aliyekunywa kiasi cha mililita 5 hadi 10 za mafuta ya karafuu, yaani kijiko kimoja au viwili vya chai. Alizimia, akashikwa na degedege, na ini lake likaumia vibaya; aliponea chupuchupu. Sisi ndio wenye mali hii, na sisi ndio tuwe wa kwanza kusema: mafuta ya karafuu hayanywewi kuwa dawa ya ini, na chupa yake iwekwe mahali mtoto hafiki.

Hatari kubwa kuliko zote ni kuacha tiba ya hospitali. Nchi nzima yakumbuka mwaka 2011, watu walipomiminika Samunge, huko Loliondo, kunywa kikombe cha Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile kwa shilingi 500. Bei haikumwumiza mtu. Kilichoumiza ni kwamba wagonjwa wengine waliondoka vitandani, wakafia njiani na katika foleni, na wengine waliacha dawa za kisukari na za virusi vya UKIMWI wakidhani wamekwisha kupona.

KUUNGANISHA MMEA NA KAZI

Watu wengine husema: basi tuunganishe, dawa ya mti pamoja na mazoezi. Wataalamu wa Iran wamejaribu hasa jambo hilo, wakiwapa watu manjano huku wakiwafanyisha mazoezi kwa majuma machache. Vipimo vingine vilipata nafuu. Lakini makundi yalikuwa ya watu makumi tu, na hayatoshi kutuhakikishia kuwa kidonge kiliongeza kitu kikubwa juu ya yale ambayo mazoezi yalikwisha kuyafanya.

Kazi ya mwili yenyewe haina shaka hiyo. Msuli unaofanya kazi huinyonya sukari kutoka katika damu kabla haijafika kugeuzwa mafuta, na huyachoma mafuta yaliyokwisha kuwekwa. Imeonekana kuwa mtu akifanya mazoezi kwa utaratibu, mafuta ya ini hupungua hata kama mizani haijashuka. Na mizani ikishuka, faida huongezeka.

Ushahidi mzuri watoka katika kisiwa, nchi ya Cuba. Mwaka 2015 wataalamu wa Havana walitangaza matokeo ya wagonjwa 293 walioshauriwa juu ya chakula na mazoezi kwa muda wa mwaka mzima. Walio wengi walipimwa vipande vya ini mwanzo na mwisho. Waliopunguza sehemu 10 au zaidi katika 100 za uzito wao, uvimbe wa ini uliwatoka 90 katika kila 100, na makovu yalirudi nyuma kwa 45 katika kila 100. Lakini walioweza kufika hapo walikuwa mmoja tu katika kila kumi. Kwa hiyo ni dawa yenye nguvu, ila ni ngumu kuimeza.

Kwa mtu wa kilo 80, hesabu ni hii. Akipunguza kilo 4, mafuta ya ini huanza kupungua. Akipunguza kilo 6 hadi 8, uvimbe nao hupungua. Akifika kilo 8 na kuzidi, hata makovu yaweza kurudi nyuma. Apunguze polepole, nusu kilo au kilo moja kwa juma. Kujinyima ghafla huweza kuliumiza ini.

Dawa ya kwanza ya kiwandani kwa ugonjwa huu, iitwayo resmetirom, ilikubaliwa Marekani mwezi wa Machi 2024. Ni ya wale ambao ini limekwisha kufanya makovu, tena hutolewa pamoja na shauri lile lile la chakula na mazoezi. Hata aliye na dawa hiyo, basi, hakusamehewa kutembea.

MPANGO WA MAJUMA 12

Mkulima atasema: mimi nalima, mazoezi ya nini tena? Neno hilo ni kweli msimuni. Lakini shamba la miti lina miezi ya pilikapilika na miezi ya kungoja. Aliyepanda mikarafuu mwezi mzima, au aliyevunja kakao na kuianika, ajiulize alifanya nini miezi iliyofuata. Ini lataka kazi ya kila juma. Twashauri hivi:

1. Tembea kwa haraka dakika 30, siku 5 za juma, jumla dakika 150. Haraka yake iwe ya kuweza kuzungumza lakini si kuimba. Baiskeli yafaa vile vile. Asiyezoea aanze na dakika 10, aongeze kila juma.

2. Siku 2 za juma fanya kazi ya nguvu: kuchota maji, kubeba, kulima kwa jembe la mkono, au kuinuka na kuketi kitini mara 10 kwa mizunguko mitatu.

3. Gawa sahani yako. Nusu iwe mboga: mchicha, kisamvu, majani ya maboga, bamia. Robo iwe wali, ugali au ndizi. Robo iliyobaki iwe samaki, usipa au maharage. Wali wa Kyela haukukatazwa. Umepewa mahali pake.

4. Acha soda, na punguza sukari ya chai mpaka iishe.

5. Mafuta ya kupikia yapimwe kwa kijiko.

6. Viungo vya jikoni tumia kama kawaida. Vidonge na maji ya chupa yasiyoandikwa kilichomo, usiyanunue. Ikiwa unatumia dawa yoyote ya miti, mwambie daktari jina lake. Asije akatafuta ugonjwa mwingine kumbe dawa ndiyo inayokuumiza.

7. Pima uzito na kiuno siku ya kwanza, kisha kila baada ya majuma 4, uandike.

Mwenye kisukari anayetumia sindano au vidonge asianze mazoezi wala asipunguze chakula bila ya shauri la daktari, maana sukari yaweza kushuka ghafla. Mwenye maumivu ya kifua kadhalika.

WAKATI WA KWENDA HOSPITALI

Mwenye kiuno kikubwa, mwenye kisukari au shinikizo la damu, aombe kupimwa damu na, ikiwezekana, picha ya ini ya ultrasaundi. Kyela iko Hospitali ya Wilaya, na Matema iko hospitali ya Walutheri. Kwetu visiwani nako hospitali ziko. Siku hiyo hiyo apimwe homa ya ini ya B, kwani nayo hukaa kimya, na haiondoki kwa kutembea.

Macho yakiwa ya manjano, mkojo ukiwa na rangi ya chai ya rangi, tumbo likijaa maji, au mtu akitapika damu, asingoje majani wala majuma 12. Aende hospitali siku ile ile.

Wazee walisema, haba na haba hujaza kibaba. Mafuta yaliingia katika ini hivyo, kidogo kidogo, kwa miaka. Na hutoka hivyo hivyo. Dawa ya miti iliyopimwa yaweza kumsindikiza mtu katika njia hiyo, lakini haiwezi kumtembelea. Mwanachama aliye na njia ya shamba mlangoni pake, na jozi ya viatu, ameshapata sehemu kubwa ya tiba, wala hakuna wa kumuuzia.